Gari la misuli ni lipi hasa? Maana sio kila kinachonguruma

Kwenye grupu letu la WhatsApp la wabongo tulioko huku Michigan, jamaa mmoja alitupia picha ya Dodge Charger mpya ile ya umeme akaandika "gari la misuli limerudi", basi siku hiyo hakuna aliyelala mapema. Mmoja anasema gari la umeme haliwezi kuwa na misuli hata kwa dawa, mwingine akaleta picha ya Mustang ya binamu yake aliyeko Muscat, mwingine akaingia na Subaru yake yenye ekzosi ya makelele akasema nayo ihesabiwe, na katikati ya fujo dada mmoja ambaye huwa hachangii kitu akauliza swali ambalo wote tuliojifanya wajuzi tulilikwepa: "Samahani jamani, hilo gari la misuli ni kampuni, ni modeli au ni nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kwahiyo dada, hii ni ya kwako, imechelewa ila ndio hii.

Tuanze na jina. Wamarekani wanasema muscle car, na sisi tukisema gari la misuli tunaelewana, ila hapa ni misuli ya mwili, sio ile ya kujifunga kiunoni ukitoka kuoga. Sio kampuni wala modeli moja, ni mchanganyiko wa vitu, kama pilau ambayo sio jina la mchele. Chukua Premio ya mwalimu, gari ya kawaida ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule, viti vitano, buti la kuwekea mizigo, bei ya mtu wa kawaida. Ng'oa injini yake, weka injini ya Land Cruiser kubwa. Breki acha zile zile, springi zikaze kidogo, weka ekzosi mbili, bandika stika ubavuni, alafu muuzie kijana wa miaka 22 kwa mkopo. Hapo umetengeneza gari la misuli, na sitanii, kwa kifupi ndio walichofanya.

Mambo matatu basi: bodi ya gari ya kawaida ya saizi ya kati, injini kubwa kuliko inavyostahili, na bei ambayo kijana mwenye kazi kiwandani anaiweza. Hilo la tatu watu wanalisahau kila siku na kwangu mimi ndio kubwa kuliko yote, nitalirudia huko chini mpaka mchoke.

Sasa V8. Sisi wabongo tukisikia V8 akili inaenda moja kwa moja kwenye Land Cruiser ya mheshimiwa yenye kioo cheusi inayokupita kwa king'ora, mpaka kuna watu wanadhani V8 ni jina la gari. V8 ni mpangilio wa injini tu. Gari nyingi za kwetu, IST, Premio, Probox, zina silinda nne zimepangwa mstari mmoja. V8 ina silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, na ukiitazama kwa mbele pande mbili hizo zimeachana juu zimekutana chini kama herufi V. Faida yake unapata silinda nyingi kwenye injini fupi.

Na ule mlio? Watu wanadhani ni kutoboa ekzosi. Ekzosi inachangia, ila mlio unaanzia ndani. Kwenye V8 ya Kimarekani ya kawaida silinda hazilipuki kulia, kushoto, kulia, kushoto kwa usawa, kuna mahali mbili za upande mmoja zinalipuka kwa kufuatana ndio zamu irudi upande wa pili, kama mpiga ngoma anayepiga mkono wa kulia mara mbili kabla ya kugusa na kushoto. Zikiunguruma zikiwa zimesimama unasikia bugu-bugu, bugu, bugu-bugu, kama gari ina kigugumizi. V8 za Ferrari kwa kawaida zinapeana zamu vizuri pande zote, ndio maana zinalia kwa sauti nyembamba ya juu. Kwahiyo kaka wa Subaru mlio wako ni mtamu, sikatai, ila ni ukoo mwingine kabisa.

Tukija kwenye ukubwa, Wamarekani wa zamani walipima injini kwa inchi za ujazo, na inchi moja ya ujazo ni kama cc 16.4. Wewe unajua cc kwasababu ndio zinazokutoa jasho ukilipia ushuru bandarini. Pikipiki ya bodaboda ni cc 125 au 150, IST ni 1300 au 1500. Shika hizo namba, zitakusaidia sasa hivi.

Nguvu kwenye gari ya kawaida haikuanza miaka ya sitini, Oldsmobile walishafanya kitu kama hicho mwaka 1949 na Rocket 88 yao. Ila gari ambayo wengi wanakubaliana ndio iliyofungua mlango ni Pontiac GTO ya 1964, na hadithi yake ni ya ujanja mtupu. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na sheria kwamba gari za saizi ya kati zisiwekwe injini inayozidi inchi 330, yani kama cc 5400. Mwanzoni mwa 1963 ikaongeza tena: hakuna kushiriki mashindano ya mbio. Pontiac walikuwa wanauza magari kwa sifa ya mbio hizo hizo, wakabaki wameshika tama. Injinia mkuu wao, John DeLorean, na vijana wake wakagundua kwamba injini ya inchi 389, cc 6400 hivi, inaingia pale pale ilipokuwa injini ndogo ya Tempest, gari yao ya saizi ya kati, bila kukatakata kitu. Lakini sheria ilikuwa inakataa modeli mpya yenye injini hiyo.

Basi hawakuiita modeli mpya. Waliiandika kama nyongeza. Unanunua LeMans yako ya kawaida, ambayo ni toleo la Tempest, alafu kwenye ile karatasi ya kuchagua vitu vya ziada, pale pa redio na pa rangi, kuna mstari umeandikwa GTO, dola 295 na senti. Ukitiki hapo unapata injini yenye nguvu za farasi 325, au 348 ukichukua yenye kabureta tatu. Kwa wakubwa ilikuwa nyongeza tu, kama kuongeza redio. Wakaambiwa sawa, tengenezeni 5,000 tuone. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 32,450. Jina lenyewe walilichukua kwa Ferrari bila aibu, herufi za Kitaliano zenye maana ya gari ya safari ndefu iliyothibitishwa kwa mashindano, na GTO ya Pontiac ilikuwa haijathibitishwa kwa mashindano yoyote. Wapenzi wa Ferrari walikasirika sana. Mimi hapo huwa nacheka kila nikikumbuka.

Bei sasa. GTO ya kwanza, ile ya chini kabisa, ilikuwa haifiki dola 3,000. Ukiipandisha kwa mfumuko wa bei ni kama dola 30,000 hivi za leo, kwa gari yenye nguvu kuliko karibu kila kitu ulichokuwa unakutana nacho barabarani enzi zile. Na waliozaliwa baada ya vita ya pili ndio walikuwa wanafikisha miaka 18, 20, kazi viwandani zipo, mafuta ni senti 30 na kitu kwa galoni. Ndio maana kampuni zingine ziliingia kwa fujo: Chevrolet na Chevelle SS, Dodge na Charger, Ford na Fairlane, Plymouth, Buick, Olds, wote.

Ila kama unataka kuona roho ya kitu hiki usiangalie ile ya ghali, angalia Plymouth Road Runner ya 1968. Wenzao walishaanza kunogesha, viti vya kifahari, urembo wa krom, bei inapanda. Plymouth wakarudi nyuma makusudi. Kiti cha mbele ni benchi kama cha daladala, sakafu wametandika mpira, urembo hamna, ila chini ya boneti injini ya inchi 383, cc 6300 hivi, na bei inaanzia dola 2,896. Hela waliyookoa kwenye zulia walienda kuwalipa Warner Bros dola 50,000 wapewe ruhusa ya kutumia yule ndege wa katuni, na honi ikatengenezwa ilie kama yeye, bip bip. Waliuza karibu 45,000 mwaka ule. Gari ya utoto utoto lakini akili iliyotumika ni ya kibiashara haswa.

Na Mustang je? Hapa ndio grupu liligawanyika. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwa dola 2,368 na chini yake ilikuwa Ford Falcon, gari dogo la bei rahisi. Ile ya kawaida ilikuja na injini ya silinda sita, farasi 101. Mia na moja tu. Ilikuwa gari nzuri ya sura, gari ya kijana na ya katibu muhtasi, na iliuzwa zaidi ya laki nne ndani ya mwaka mmoja, ikaanzisha kundi lake ambalo Wamarekani wanalifananisha na farasi wadogo, kundi ambalo Camaro ya Chevrolet na Firebird ya Pontiac waliingia baadaye. Wenye msimamo mkali watakwambia hizo sio gari za misuli kwasababu bodi ni ndogo. Mimi sio wa msimamo mkali, nikiona Mustang ya 1969 yenye injini ya inchi 428 naihesabu, ila ya silinda sita hapana, hiyo ni suti bila mwili. Corvette iko nje moja kwa moja, viti viwili, ile ilizaliwa kuwa ya michezo.

Kuna hii nyingine inanikera, namba za farasi. Kijana anaona Hemi ya 1966, ile injini kubwa ya Dodge na Plymouth, imeandikwa farasi 425, anaona gari ya 1972 yenye injini ile ile ya mwaka jana yake imeshuka ghafla, anasema "serikali ilizinyonga kwa mwaka mmoja". Sio hivyo, sio yote. Mpaka 1971 kampuni zilikuwa zinapima injini ikiwa uchi mezani, haina feni, haina chujio la hewa, haina ekzosi ya gari, haizungushi jenereta. Kuanzia 1972 wakaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote kama inavyokaa kwenye gari. Ni mshahara wa kwenye karatasi na mshahara unaoingia mkononi, ukitoa mfuko wa pensheni, ukitoa kodi, ukitoa mkopo, unajua mwenyewe kinachobaki. Cadillac Eldorado ya 1971 iliandikwa farasi 365, ya 1972 ikaandikwa 235, injini kimsingi ile ile. Hakuna farasi 130 waliokufa usiku mmoja, walikuwa hawapo tangu mwanzo.

Kushuka kwa kweli kulikuwepo lakini kulikuja kwa namna nyingine, na hapa kuna uongo mkubwa kuliko wote kwamba mgogoro wa mafuta wa 1973 ndio uliziua. Mgogoro ule, Waarabu walipoifungia Marekani mafuta Oktoba 1973, ulizikuta gari hizo tayari ziko kaburini, kilichobaki ni kufukia. Injini ya Hemi ya inchi 426 mwaka wake wa mwisho kuuzwa kwenye gari za kawaida ulikuwa 1971, hesabu mwenyewe. Kilichotangulia ni bima. Kampuni za bima zilianza kuona vijana wa miaka 20 wanajikaanga kwenye nguzo za umeme, zikaangalia uzito wa gari na farasi wake, zikapandisha bei mpaka bima inakimbizana na marejesho ya mkopo wa gari lenyewe. Kijana wa kiwandani akaishiwa pumzi hapo hapo, na kumbuka yeye ndiye aliyekuwa mteja.

Alafu ikaja sheria ya hewa safi ya 1970. Petroli ya zamani ilikuwa inatiwa madini ya risasi, na risasi ilikuwa inaruhusu injini kubana mchanganyiko wa hewa na mafuta sana bila kugonga. Umeshawahi kupampu tairi la baiskeli ukashika pampu chini ukasikia imepata moto? Ukibana hewa inachemka, na ukibana sana mafuta yanajiwasha yenyewe kabla ya moto wa plagi kuyafikia, injini inagonga kama mtu anapiga nyundo. Risasi ilizuia hilo, lakini inaharibu ile mashine ya kusafisha moshi iliyokuwa inakuja, na ubongo wa watoto wetu nao hauitaki. Kwahiyo General Motors wakapunguza kubana kwa injini zao kuanzia modeli za 1971, ili ziwe tayari kwa petroli isiyo na risasi. Kubana kukipungua, nguvu inapungua. Hapo ndio farasi wa kweli walikufa, polepole, na sio kwa sababu mbaya.

Uongo wa mwisho, kwamba zilikuwa gari bora. Jamani. Zilikuwa gari bora za kwenda mbele. Mashindano yao ni robo maili, mita 402, taa mpaka taa, na nzuri zake zilimaliza kwa sekunde 13 au 14, ambazo leo Tesla ya familia toleo la Performance inaziacha kimya kimya ikiwa na kiti cha mtoto nyuma. Kona ni habari nyingine. Nyumbani tulishaonjeshwa: mwaka 1964 kampuni ya Mercury, ndugu yake Ford, ilileta timu nzima ya Comet za V8 kwenye mbio za Safari za Afrika Mashariki, zenye maandalizi ya hela nyingi. Mbili tu ndio zilimaliza, huko nyuma kabisa. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina, gari ya Kiingereza ya silinda nne. Tope la kwetu halisomi cc.

Nilielewa hili vizuri siku mzee jirani yangu alipoitoa GTO yake ya 1967. Ni mstaafu wa kiwandani, tunakaa mitaa ya karibu na barabara ya Woodward, ile inayotoka Detroit mtoni mpaka mji wenyewe unaoitwa Pontiac, ambako zamani vijana walikuwa wanashindana usiku taa kwa taa na mainjinia wa viwanda wakija kujaribu magari yao kimyakimya. Sikuhizi kila Agosti Jumamosi moja, tangu 1995, magari ya zamani yanajazana pale tangu alfajiri, na mzee hakosi.

Haiwashi hivi hivi. Anakanyaga mafuta mara mbili hadi chini, anaachia, ndio anageuza funguo, kwasababu kabureta haina kompyuta ya kuiambia asubuhi kuna baridi. Ikashika, ikazima, ikashika tena, na harufu ya petroli mbichi ikajaa gereji nzima mpaka macho yakaniwasha. Akagusa mafuta kidogo na gari zima likainama upande mmoja alafu likarudi, kama mtu aliyeitwa jina lake. Akasema "kijana, kaa wewe". Mimi tena? Nikakaa. Usukani mwembamba mkubwa kama sinia, na ukiuzungusha robo nzima gari ndio inaanza kufikiria. Barabara ikawa wazi nikakanyaga, sio hata yote, na nilichokisikia sio kasi, ni kusukumwa, mgongo ukazama kwenye kiti na pua ya gari ikanyanyuka mbele yangu. Nikacheka kwa sauti kama mtoto. Alafu taa ikawaka nyekundu.

Breki za dram, magurudumu yote manne, gari la kilo 1,600 na zaidi. Nilikanyaga, hakuna kitu, nikakanyaga kwa nguvu, ikavuta kulia, nikaishika, ikasimama nusu ya gari imepita mstari. Mzee hata hakushtuka. Akaniambia enzi zile walikuwa wanaanza kufikiria kusimama kabla hawajafikiria kuondoka, na kwamba alinunua ya kwanza akiwa na miaka 21 kwa mshahara wake mwenyewe, bila kumuomba baba yake hata senti. Hilo la mshahara alilisema mara mbili.

Sasa linganisha. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971, moja ya 11 zilizotengenezwa, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Hiyo inakaa kwenye kiyoyozi kuliko mimi. Na hiyo Charger ya umeme tuliyoigombania, ina farasi mpaka 670, ina spika maalum za kutoa mngurumo wa bandia, na ilipoanza kuuzwa bei yake ya chini ilikuwa karibu dola 60,000. Watu wanagombana kuhusu betri na ule mlio wa kuigiza, na mimi ule mlio naona aibu kwa niaba yao, lakini betri hainisumbui. Umeme unasukuma vizuri tu. Kinachonisumbua ni kwamba mtoto wa miaka 22 anayefunga bolti za hiyo gari kiwandani hawezi kuinunua, na kwa hesabu yangu ya mambo matatu hapo ndio imefeli, kabla hata hujafungua boneti. Challenger ya Dodge na Camaro nazo zilisimamishwa zote kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, na bei zao zilikuwa zimeshapaa siku nyingi.

Dada, kama bado unasoma, jibu lako ndio hilo: ni gari ya mtu wa kawaida iliyopewa injini isiyo ya kawaida kwa bei ya kawaida.

Nilirekodi sauti ya GTO ya mzee ikiunguruma pale gereji, sekunde 20, bugu-bugu, bugu, bugu-bugu, nikaitupia kwenye grupu bila maelezo. Kaka wa Subaru akajibu wa kwanza: "Hiyo injini inamis, mwambie mzee abadili plagi."